Seattle ni Dar ngapi?

Mama yangu hajawahi kuniuliza kilomita. Miaka yote niliyokaa kwenye kibanda cha tiketi pale stendi kuu ya Mbeya, akinipigia kutoka Tukuyu kuulizia safari ya mtu yeyote, swali lake ni hilo hilo: "Huko ni Dar ngapi?" Iringa kwake ni Dar isiyofika nusu. Lusaka ni Dar moja na kipande. Dar yenyewe anaijua kwa mgongo wake: kilomita kama 830 za lami kutoka Mbeya, saa 12 ukibahatika, 14 ukikuta malori yamejipanga mlima Kitonga, vitunguu vya Ruaha Mbuyuni kupitia dirishani, kuchimba dawa mara mbili porini, na miguu iliyovimba ukishuka stendi ya Mbezi.

Kwa hiyo mdogo wangu wa kike alipopata nafasi ya kwenda kusoma Seattle, kule Marekani upande wa Pasifiki, nilijua swali litakuja. Lilikuja siku hiyo hiyo. Nikamwambia Mama anipe muda nikapige hesabu. Mimi si ndiye mtaalamu wa safari wa ukoo?

Nilianza kama anavyoanza kila mtu, kwenye simu. Unaandika Mbeya, unaandika Seattle, mtandao unakupa umbali wa moja kwa moja: kilomita 15,150 hivi, muda wa ndege saa 18 na dakika. Hapo hapo nikachukia. Ndege gani hiyo? Nani ameiona ikiruka kutoka Songwe, uwanja wetu wa ndege pale Mbalizi, mpaka Seattle bila kutua? Safari ndefu kuliko zote za abiria zenye ratiba duniani ni ya Singapore kwenda New York, kilomita 15,300 na ushee, zaidi ya saa 18 angani, na ndege yake ni Airbus iliyoongezewa uwezo wa kubeba mafuta kwa ajili ya safari za namna hiyo. Yaani mtandao ulikuwa unampandisha mdogo wangu kwenye ndege ya pili kwa urefu wa safari duniani, tena kutoka Mbalizi.

Baadaye nikaelewa wanavyofanya. Wanachukua umbali, wanagawanya kwa mwendo wa kilomita 800 na kitu kwa saa, wanaongeza nusu saa ya kupaa na kutua, basi. Ni sawa na mimi nimwambie abiria kwamba basi haliruhusiwi kuzidi 80 kwa saa, Dar ni 830, kwa hiyo utafika kwa saa 10 na nusu hivi. Hesabu haina kosa. Ila abiria huyo akishuka Mbezi atanitafuta.

Safari yenyewe ilikuwa na vipande vitatu. Songwe mpaka Dar, kilomita kama 690 kwa mstari ulionyooka, maana ndege haizunguki Kitonga. Dar mpaka Dubai, karibu 4,000. Halafu Dubai mpaka Seattle, 11,930. Jumlisha: 16,600. Gawanya kwa 830.

"Mama, ni Dar ishirini."

Kimya. Kisha: "Ishirini zote bila kushuka?"

Kilichozua ubishi kilikuwa kile kipande cha mwisho, na aliyeuanzisha ni Mjomba, kaka yake Mama, aliyeendesha malori ya Tunduma miaka mingi kabla ya magoti kugoma. Kwenye ukuta wa sebule ya Mama kuna kalenda ya zamani yenye ramani ya dunia. Mjomba aliweka kidole Dubai, akakiburuta kushoto: juu ya Arabuni, Misri, Libya, akavuka bahari, akaikata Marekani nzima hadi ukingoni. "Marekani iko magharibi," akasema. "Ndege itapita hapa. Kuna njia nyingine?"

Nikamwambia ndege itapita kaskazini, juu kabisa, karibu na ncha ya dunia. Alinitazama kama anavyomtazama utingo aliyeingiza gia ya nyuma mlimani.

Ramani ya ukutani ni muongo, ila kumweleza hivyo mtu aliyeitazama kwa miaka kumi ni kazi. Pale Greenland inaonekana kubwa karibu sawa na Afrika, wakati Afrika inaizidi mara 14. Dunia ni mviringo. Ukiikunjua ikae bapa kwenye karatasi lazima uivute, na inayovutwa zaidi ni sehemu ya juu na ya chini. Kidole kinachonyooka kwenye karatasi hakinyooki duniani. Nilieleza hivyo. Mjomba akaomba chai.

Jumapili iliyofuata nikapanda Tukuyu na balungi. Nililinunua Mwanjelwa, nikachagua lenye umbo zuri kiasi kwamba muuza matunda alidhani nampelekea mgonjwa. Mke wangu ni fundi cherehani, akanipa uzi mwekundu, pini mbili na tepu yake ya kupimia nguo. Tumbo la balungi likatoka sentimita 48. Hapo ndipo nilipoona Mungu ananipenda, kwa sababu mzunguko wa dunia ni kama kilomita 40,000, na 40,000 ukigawanya kwa 48 unapata 833. Kila sentimita ya balungi lile ilikuwa Dar moja.

Kikonyo kikawa ncha ya kaskazini. Nikachora kwa kalamu mstari wa ikweta tumboni, nikachomeka pini ya Dubai zaidi ya robo ya njia kutoka ikweta kwenda kikonyoni, kisha nikaligeuza balungi hadi upande wa pili. Hapo ndipo penye siri. Seattle na Dubai, ukihesabu kwa longitudo, zinaachana nyuzi 177 na kitu, na nusu ya dunia ni 180. Maana yake karibu zinapeana mgongo. Pini ya pili nikaichomeka Seattle, juu kidogo, zaidi ya nusu ya njia kwenda kikonyoni.

"Haya Mjomba, funga uzi."

Aliufunga kwenye pini ya Dubai, akaupitisha alikotaka yeye, magharibi, akaushikilia kwa kidole gumba ili ufuate njia ya kalenda, akaumalizia Seattle. Tukapima: sentimita 19. "Dar kumi na tisa," Mama akasema. Nikamwomba Mjomba aondoe kidole gumba na kuuvuta uzi ukaze. Uzi ukaanza kupanda wenyewe. Ganda la balungi linateleza kidogo kwa yale mafuta yake, na uzi ulikwea taratibu huku harufu ikitoka pale ulipokwaruza, ukaacha Libya, ukaacha Ulaya, ukaenda ukajiegemeza pembeni kabisa mwa kikonyo na kutulia. Tukapima tena. Sentimita 14 na ushee.

Mjomba aliushika ule uzi uliobaki, vidole vitatu vya ziada, akauangalia kwa muda. "Hizi ni Dar tano," akasema. Sijui alikuwa anafikiria dizeli kiasi gani.

Mama hakujali Dar tano. "Kwa hiyo mwanangu anapita kwenye kikonyo?"

Anapita kwenye kikonyo, Mama.

Sasa niwaambie kosa langu, maana blogu hii nimeifungua kwa ajili ya abiria na sitaki kujificha. Kila siku nawafokea watu wa kuunganisha. Mtu anatoka Kyela, anakata tiketi ya coaster huku na ya basi la Dar kule, ameacha nafasi ya dakika arobaini, coaster ikipata pancha Kiwira anakuja kwangu analia. Namwambia: hizo ni tiketi mbili, basi la pili halikujui. Na mimi mwenyewe, kwa kutaka kuokoa hela, nilimnunulia mdogo wangu tiketi ya Dar–Dubai–Seattle kivyake na ya Songwe–Dar kivyake. Ukinunua safari nzima kwa tiketi moja, ndege ya kwanza ikichelewa wenye tiketi wanawajibika kukutafutia nyingine. Ukinunua mbili, ya pili ikiondoka bila wewe, umeliwa.

Jumanne, mwezi wa kwanza. Tuliondoka Tukuyu saa kumi na moja alfajiri na Noah ya jirani. Mabegi mawili, kilo 23 kila moja, tuliyapima usiku kwenye mizani ya maharage. Mchele wa Kyela, majani ya chai ya kwetu, karanga za kukaanga, na kitenge alichokifunga Mama mwenyewe na kukataa kusema kina nini ndani. Isongole baridi iliingia mpaka kwenye mifupa. Uyole, Mafiati, Mbalizi, na saa moja na nusu tuko Songwe, ndege yenyewe ikiwa ya saa tatu na dakika ishirini.

Uwanja haukuwepo. Yaani ulikuwepo, ila ukungu ulikuwa umeulalia hadi taa za maegesho zikawa madoa. Ukisimama mlangoni hukuoni kule ndege zinakotua. Watu wa hapa tunajua ukungu wa masika, lakini siku ambayo huna safari unauona kama pambo. Ndege ilikuwa bado Dar, haijaruka, ikisubiri taarifa. Na haifai kulaumu mtu: rubani akishuka mpaka kimo walichomwekea na hajaiona njia ya kutulia, anapandisha, hakuna mjadala.

Saa tatu ikapita. Saa nne ikapita. Kaunta wakamwambia mdogo wangu tiketi yake ya ndani inaruhusu begi moja tu, la pili lilipiwe. Hilo nalo ni zao la tiketi mbili. Angekuwa na moja, kilo zake za Marekani zingehesabiwa tangu Songwe. Nikalipa. Kila dakika nilikuwa napiga hesabu: ndege ya Dubai inaondoka saa kumi na moja kasorobo jioni, kaunta inafungwa saa moja kabla, na akishuka Dar atatokea jengo la pili, achukue mabegi yake mwenyewe, ayasukume hadi jengo la tatu. Mama alikuwa kwenye kiti, mkoba mapajani, anatazama kioo cheupe.

"Kama tungepanda basi jana," akasema, "sasa hivi yuko Dar."

Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu ilikuwa kweli.

Ukungu uliinuka kama mtu anavyovua shuka, upande mmoja kwanza. Ndege ikaja, ikageuza, ikaondoka saa sita kasoro dakika kumi. Saa saba na dakika kumi alikuwa Dar. Dakika themanini. Mimi na Mama tulikuwa hata Uyole hatujafika, tumekwama Mafiati nyuma ya fuso la viazi.

Dar hakukosa ndege. Dubai alitua saa tano na robo usiku za kwao, akakaa uwanjani saa kumi na robo akisinzia juu ya begi la mkononi. Halafu ndege kubwa, Jumatano, tiketi imeandikwa 0930.

Hapa pana jambo la saa. Tiketi za ndege zinatumia saa za kizungu kuanzia sifuri mpaka ishirini na nne, na kila mwaka kuna mtu wa kwetu anayesoma 0930 akaja saa tisa na nusu mchana. Dawa ninayowapa abiria wangu ni kutoa sita. 0930 toa sita, saa tatu na nusu. 1645, kumi na sita toa sita, kumi, na dakika arobaini na tano: saa kumi na moja kasorobo. Nawaandikia kwa kalamu juu ya tiketi kabisa. Kwa mdogo wangu niliandika, na Mama nikamwachia nakala: kuondoka Dubai saa tatu na nusu asubuhi Jumatano, kufika Seattle saa sita na robo mchana Jumatano.

Jioni Mama akapiga. Alikuwa amekaa na ile karatasi. "Saa tatu na nusu mpaka saa sita na robo," akasema, akihesabu polepole. "Saa mbili na dakika arobaini na tano. Kumbe ni karibu kuliko Iringa! Na wewe ukanitisha na balungi."

Ilinibidi nikae chini. Ukweli ni kwamba ndege ile ilikaa angani saa 14 na dakika 45. Ila mwezi wa kwanza saa za Seattle ziko nyuma ya Dubai kwa saa 12 kamili. Na kwa Kiswahili hilo ni zuri ajabu: Dubai ikiwa saa tatu asubuhi, Seattle ni saa tatu ya usiku uliopita. Namba ni ile ile. Unayebadilisha ni asubuhi na usiku, mishale ya saa huigusi. Mdogo wangu alikuwa na saa yangu ya mkononi ya zamani, ya mishale, na akatua nayo Seattle ikisema sita na robo bila kuisogeza hata mara moja tangu Dubai.

Aliyonisimulia ya kule kikonyoni ni haya. Alikaa dirishani. Asubuhi walipanda juu ya Uajemi kwenye jua kali, milima yenye theluji chini, na kila akitazama skrini ya kiti kile kidege kilikuwa kinapanda tu, kinapanda tu. Kama saa sita baada ya kuruka, dirisha likaanza kuwa la machungwa, kisha la zambarau, kisha giza. Kwa saa yake ilikuwa mchana. Mwezi wa kwanza jua haliinuki kabisa kule juu, na ndege ilikuwa imeingia ndani ya usiku huo ambao haumaliziki kwa siku nyingi. Skrini ilisema nje ni nyuzi 60 na kitu chini ya sifuri. Abiria wote wamelala, taa zimezimwa, watu wamekula chakula cha mchana wakaambiwa ni usiku. Akatokea upande wa pili, na baada ya saa kama sita za giza jua likachomoza tena. Jumatano ile ile. "Kaka," akaniambia, "nimeona jua likichwa na kuchomoza, na siku haijabadilika." Akafungua kitenge cha Mama. Ndani kulikuwa na mayai ya kuchemsha manne na chumvi kwenye karatasi. Aliyala juu ya Kanada, kabla ya kufika kwa watu wa forodha.

Alipotua ilikuwa saa tano na robo usiku kwetu. Kuanzia mlango wa Tukuyu: saa 42 na robo. Angani alikaa saa 21 na nusu na dakika kidogo. Nusu nyingine yote ni Noah, ukungu, foleni, mabegi, na saa kumi za benchi la Dubai. Ndiyo maana ukiniuliza pale kibandani kwamba Marekani ni saa ngapi, nitakuuliza kwanza umekata tiketi ngapi.

Mama ameshapata kanuni yake ya kupiga simu, na aliitengeneza mwenyewe bila msaada wangu: unatazama saa ya ukutani, unaongeza moja, unageuza mchana kuwa usiku. Saa mbili usiku Tukuyu ni saa tatu asubuhi Seattle, mtoto bado hajaingia darasani. Ilifanya kazi Januari, ikafanya Februari. Katikati ya Machi akapiga saa mbili usiku kama kawaida, simu ikaita ikakatika. Akapiga tena. Akanipigia mimi, sauti imeshuka. Nikamweleza kwamba Wamarekani wakifika Machi wanasogeza saa zao mbele kwa saa moja, mpaka Novemba, kwa hiyo sasa unaongeza mbili: kule imeshakuwa saa nne, yuko darasani.

Alinyamaza. Nilisikia redio ya jirani yake na mvua kwenye bati. Balungi lile bado liko juu ya kabati la vyombo. Amekataa lisiliwe, na kwa kuwa limesinyaa uzi umelegea, unaning'inia.

"Saa moja ya ndege," akauliza, "ni Dar ngapi?"

Kama moja, Mama.

"Basi wamemsogeza Dar moja," akasema, akakata simu.